Zamu ya Mama Sisimizi

Mama Sisimizi alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema hilo. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," ndivyo alivyowajibu wenzake wa chumba cha kufulia nguo hospitalini kila walipomcheka kwa kushuka ngazi akipapasa ukuta. Kazi yenyewe ndiyo iliyomlea hivyo. Kila asubuhi alipokea magunia ya mashuka kutoka wodini, na shuka halijui kuficha siri. Hili la mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, lile la aliyegongwa akivuka barabara na simu sikioni, hili dogo la mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto. Wengine husoma magazeti. Yeye alisoma mashuka, na habari zake hazikuwa njema hata siku moja.

Kwa hiyo binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Sisimizi kwa udogo wake na kwa kutotulia, alilelewa kama yai. Asipande, asikimbie akiwa na kitu mkononi, asipite palipo na mbwa. Basi siku mtoto aliporudi kutoka shuleni akasema anataka kujiunga na darasa la msituni, mama aliacha alichokuwa akifanya.

"Mnafundishwa nini huko?"

"Kuwasha moto, kuchonga kwa kisu, kutafuta njia, na kutambua nyayo za wanyama."

"Moto, kisu na wanyama," mama akarudia taratibu. "Wamesahau sumu tu."

"Uyoga ni muhula ujao," Sisimizi akasema.

Baba yake, fundi bomba, alicheka mpaka chai ikampalia. Alipopata pumzi akasema aende, mtoto hawekwi kabatini kama sahani za wageni. Mama alishindwa. Tangu hapo kila Jumamosi alishinda dirishani, akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, hadi basi la shule lirudi.

Darasa lile lilikuwa na desturi ya kumchukua mzazi mmoja kila safari, kwa zamu. Zamu yake ilipofika alitafuta kisingizio, akakosa. Akapanda basi.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Watoto walimwita Mwalimu Filimbi kwa sababu alimvika kila mmoja wao filimbi shingoni. Kabla hawajaingia msituni aliwapanga mbele yake.

"Ukipotea unafanya nini?"

"Ninasimama," watoto wakaitikia.

"Halafu?"

"Ninaketi hapo hapo, ninapuliza mara tatu, ninangoja."

"Ninamtafuta mwalimu?"

"Hapana. Mwalimu ananitafuta mimi."

Mama Sisimizi aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia matangazo ya kituo cha basi. Akili yake ilikuwa kwenye visu. Asubuhi nzima alisimama kando ya moto na ndoo ya maji, akimtazama binti yake akichonga kijiti, na kila kibanzi kilichoruka kilimrusha roho. Hakuna aliyejikata. Hakuna aliyeungua. Hilo lilimkasirisha kidogo, kwani woga usiopata chakula huuma zaidi.

Baada ya kula walipanda mgongo wa kilima. Mwalimu alitangulia, watoto wakafuata mmoja nyuma ya mwingine, dereva wa basi katikati yao, na mwisho kabisa Mama Sisimizi.

"Wewe ndiye mkia, mama," Mwalimu alimwambia. "Asibaki mtoto nyuma yako. Ukisimama kwa lolote, paza sauti nami nisimame."

"Sawa, mwalimu."

Ukungu uliwakuta juu. Haukuja kwa kishindo. Kwanza miti ya mbali ilififia, halafu ya karibu, halafu mtoto wa tatu mbele akawa kivuli. Hapo mvulana mdogo wa miwani mikubwa, ambaye wenzake walimwita Miwani na aliyekuwa akitembea mwisho wa mstari pamoja na Sisimizi, akakanyaga kamba ya kiatu chake na kupiga magoti. Mama akainama kuifunga, Sisimizi akangoja kando. Alijua anatakiwa kupaza sauti, lakini aliona aibu kusimamisha msafara mzima kwa kamba ya kiatu. Akafunga fundo, akaliongezea la pili, maana la kwanza halikumridhisha. Alipoinua kichwa, mbele yake palikuwa na weupe mtupu.

Aliita. Sauti ikajibu, au alidhani imejibu. Mara ya kwanza ilitoka kushoto, mara ya pili kulia, mara ya tatu haikuja. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni, la baridi kama maji ya kisima.

"Twendeni," akasema. "Hawajafika mbali."

"Mama, sheria inasema tusimame."

"Sheria haina mtoto, mimi ninaye. Twende."

Akawashika mikono wote wawili, akaanza kwenda, nusu akitembea nusu akikimbia. Si kwamba alijua njia. Woga ndio ulioshika usukani, naye akawa abiria. Matawi yalimpiga usoni. Sisimizi alikuwa akivuta mkono kwa nguvu zake zote, akisema mama, mama, ngoja, na yeye akamvuta zaidi. Halafu mguu wake wa kulia haukukuta ardhi.

Alianguka kitako, mguu mmoja ukining'inia. Jiwe lilichomoka chini ya kisigino chake. Wote watatu walingoja kulisikia likitua, na lilichelewa. Liligonga mahali, likagonga tena chini zaidi, likanyamaza.

Mama Sisimizi hakuweza kupiga kelele. Hakuweza hata kuuvuta mguu. Aliona, wazi kama anavyoiona meza ya kupigia pasi, mashuka mawili madogo ndani ya gunia lake la Jumatatu.

Ni Sisimizi aliyesema, kwa sauti nyembamba inayotetemeka, "Mama, rudi nyuma kwa makalio. Polepole. Usisimame."

Akarudi kwa makalio, kama mtoto anayejifunza kutambaa, mpaka mgongo wake ukagusa shina la mti.

"Sasa tunaketi," Sisimizi akasema, na safari hii hakubishiwa.

Watoto wakakusanya majani makavu waliyoyafikia kwa mikono, wakayatandika chini ya mti ili ardhi isiwanyonye joto. Wakaketi wamebanana, mama katikati. Sisimizi akapuliza mara tatu. Wakasikiliza. Akapuliza tena. Ukungu uliimeza sauti kama pamba inavyomeza maji.

Kisha kitu kikatembea kichakani. Kilikuwa kizito, na hakikuwa na haraka. Vijiti vilivunjika, pakatulia, vikavunjika tena, karibu zaidi. Misuli yote ya Mama Sisimizi ilimwambia akimbie, na upande mmoja kulikuwa na kile kitu, upande wa pili lile shimo.

"Hatukimbii," Miwani alinong'ona. Hakuwa akimwambia mtu. Alikuwa akikariri alichofundishwa, kama hesabu. "Hatukimbii, tunakaa pamoja, tunajifanya wakubwa."

Kitu kile kikakoroma, kikapumua, kikashika njia yake. Hawakukiona, na mpaka leo hawajui kilikuwa nini.

Baada ya hapo Miwani alianza kulia, kimya kimya, miwani yake imejaa mvuke. Mama Sisimizi akavua sweta, akamfunika. Mtoto akamtazama.

"Mama Sisimizi, wewe unaogopa?"

Alitaka kumdanganya. Watu wazima hudanganya hapo. Lakini meno yake mwenyewe yalikuwa yakigongana, mtoto angesikia.

"Ninaogopa sana," akasema. "Sijawahi kuogopa hivi."

"Lakini umeketi."

"Nimeketi, ndiyo."

Miwani akafikiri kidogo, akajifuta pua kwa mkono wa sweta, akashika filimbi yake. "Zamu yangu kupuliza," akasema.

Wakapuliza kwa kupokezana. Mama pia alipuliza, kwa midomo iliyokufa ganzi. Alikuwa amekwisha kukata tamaa, hakusema tu, wakati filimbi nyingine ilipojibu kutoka bondeni, hafifu. Wakapuliza. Ikajibu. Ikasogea. Mwishowe Mwalimu Filimbi akatokeza katika weupe, kamba imemzunguka kiuno, mwisho wake wa pili umefungwa alikowaacha watoto wengine na dereva. Alitazama shimo lilipo, akawatazama wao. Alipiga magoti akawagusa vichwa mmoja mmoja, kisha akawagusa tena, kama asiyeamini hesabu yake.

Habari zilifika mjini kabla ya basi. Juma lililofuata wazazi waliitwa shuleni. Baba yake Miwani, muuza vipuri vya magari, alisimama akasema mwalimu afukuzwe na darasa lifungwe, na vichwa vingi vikakubali.

"Mimi ndiye niliyekabidhiwa watoto," Mwalimu akasema. "Sina cha kujitetea."

Mama Sisimizi hakuwahi kusema mkutanoni. Alishika kiti cha mbele yake, akainuka.

"Niliambiwa nikisimama nipaze sauti," akasema. "Sikupaza. Watoto waliniambia tuketi. Sikuketi. Niliwavuta kwa nguvu hadi ukingoni. Baba Miwani, mwanao yuko hai kwa sababu alifundishwa, na alikaribia kufa kwa sababu yangu. Ukitaka kufukuza mtu, usikosee ni nani."

Baba Miwani akaketi. Hakumsalimia alipotoka, wala mwezi ule wote.

Watoto kadhaa waliondolewa darasani, Miwani mmoja wao. Darasa halikufungwa, ila sasa msafara hushika kamba ndefu kukiwa na ukungu, na mkiani hutembea mtu aliyefunzwa.

Fundi bomba alimuuliza mkewe usiku wa mkutano kama sasa wamtoe Sisimizi. Aliuliza kwa upole, bila mzaha, kwani na yeye alikuwa ameogopa.

"Hapana," akasema. "Lakini nami nitakwenda."

"Wewe? Huogopi?"

"Ninaogopa. Nitakwenda nikiogopa."

Jumamosi alikuwa wa kwanza kupanda basi. Alikaa nyuma ya dereva, ameshika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili, na gari lilikuwa bado halijawashwa.