Nyama Tuliyokula kwa Ajili ya Mguu wa Ekal

Kuna harufu moja ambayo ikinifikia, hata niwe katikati ya soko la Lodwar, hunisimamisha. Ni harufu ya tumbo la mbuzi lililotoka kupasuliwa, majani yaliyosagika nusu na bado yana joto, ikichanganyika na dizeli. Majani peke yake hayanisumbui, nimekua nayo. Dizeli nayo ni kazi yangu, kwa maana mimi huuza bima za magari na pikipiki. Zinapokuja pamoja ndipo mkono wangu hupanda kifuani wenyewe, kama wa mtu anayejifuta.

Mwaka wa 2012 nilikuwa nimeshaacha shule katika darasa la saba. Baba alitangulia, mama akamfuata, nasi tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu Ekal. Mama alikuwa na usemi wake kwamba kifungua mimba ni mti wa katikati ya nyumba: upepo ukija, hauulizwi kama umechoka. Basi sikuulizwa. Nilipata kazi katika hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara iendayo Kakuma, nikipika chai na kuosha vikombe, na Ekal akawa anateka maji ya hoteli kwa mtungi wa plastiki uliomzidi uzito. Malipo yake yalikuwa chakula cha mchana.

Huo ndio mwaka ambao mafuta yalipatikana huku kwetu, na magari yakaja kama nzige. Nyuma ya magari akaja Bwana Barasa. Alitoka huko chini, huko ambako sisi bado tulikuwa tunakuita Kenya, kana kwamba hapa ni nchi nyingine. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya polepole, na aliuza bima. Ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni katika hoteli yetu. Asubuhi aliketi pale akiagiza chai na mandazi, na kabla chai haijaletwa alikuwa ameanza kuhubiri.

Mahubiri yake yalikuwa ya aina tatu, pesa, afya na magari, na aliyachanganya kama mtu anayepika pure ya mahindi na maharagwe. Angemwangalia dereva aliyeingia na kumwambia, "Tairi lako limekuwa kipara. Tairi kipara ni kama mzee anayekimbia. Anaweza, lakini kwa nini?" Kisha angejishika kifundo cha mkono, asikilize mapigo ya damu yake, aendelee: "Na mwili ni gari usilouziwa spea. Na pesa isiyotumwa kazi hujitafutia kazi mbaya." Madereva walimcheka. Walimwita Pasta Breki. Yeye alicheka nao, halafu akaiacha chai yake ipoe hadi ngozi ikatanda juu.

"Akiru, hii imepoa," angeniambia. "Mimi sinywi chai baridi. Mpe huyo kijana."

Ekal aliinywa na mandazi yote. Mimi nilidhani ni maringo ya watu wa chini, kununua kitu na kukidharau. Chai yetu ilipikwa na sukari humo humo sufuriani, tamu kabisa, na nilipata uchungu kuona mtu haithamini.

Siku ya ajali Barasa hakuwepo, alikuwa amekwenda Kitale kwa shughuli zake. Lori lilisimama mbele ya hoteli mchana, limebeba unga wa kwenda Kakuma. Mwenye lori alikuwa Deng, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyeishi kambini. Dereva alipomaliza kula alirudisha lori nyuma bila mtu wa kumwelekeza, na Ekal alikuwa nyuma akiinamia mtungi wake. Sikusikia yowe. Nilisikia mtungi ukipasuka, na maji. Gurudumu lilikuwa limeukandamiza mguu wake wa kushoto mchangani. Watu wakasema mchanga ndio uliomwokoa, kwamba ingekuwa lami tungezika.

Hospitali ya Lodwar wakamfunga plasta. Mimi nikalala chini ya kitanda chake. Baba yangu mdogo, ndugu wa baba, akaja kwa miguu na malori kutoka Nakalale aliko na mifugo. Hakupitia polisi. Alipitia kwa Deng, na Deng, ambaye kwao pia mambo ya damu humalizwa kwa mifugo, alimshukuru. Walikubaliana haraka kuliko ninyi mnavyokubaliana bei ya samaki. Deng angetoa mbuzi, nao wangekuwa wa Ekal, na mmoja angechinjwa hapo hapo mbele ya hoteli ili ubaya uondoke.

Nakumbuka siku hiyo kama sikukuu. Ekal alikuwa ametolewa hospitalini, ameketi juu ya kiti cha plastiki, mguu mweupe umenyooshwa mbele kama kitu cha mtu mwingine. Beberu alichomwa mkuki. Wazee walipasua tumbo, wakachota majani kwa viganja, wakampaka Ekal kifuani, wakanipaka mimi, wakampaka Deng na dereva wake. Kisha baba mdogo akalifuata lori. Akalipaka bampa. Akalipaka gurudumu la nyuma lile lile, akilizungumzia kwa upole, kama ng'ombe aliyempiga mtu teke bila kukusudia. Sote tulicheka, hata Ekal. Lori lilisimama pale likinuka dizeli na majani, limesamehewa.

Nyama ikagawiwa kila aliyekuwepo. Muuza makaa alikula, fundi wa pancha alikula, mwenye hoteli alikula. Barasa alishuka kutoka gari la Kitale moto ukiwa bado unawaka, akadhani tunamshangilia mtoto kutoka hospitalini. Akapewa mbavu. Akazila kwa utaratibu, akasifu mafuta yake, akasema nyama ya mbuzi wa jua haina madhara kwa moyo.

Asubuhi yake, aliposikia jambo lenyewe, kijiko kilimponyoka.

"Mliandikisha polisi?"

Nikamwambia yalikwisha jana.

"Akiru, lile lori lina stika ya bima kwenye kioo. Bima hiyo ni ya kumlipia mtu kama huyu. Ni ya mguu huo."

Sikujali sana, nawaambia ukweli. Nilikuwa na mbuzi. Lakini siku zilipita na plasta ikaanza kunuka. Daktari alipoikata alitazama mguu, akanitazama mimi, akatafuta mtu mkubwa nyuma yangu, hakumwona. Akasema mfupa umekataa kuungana. Anahitaji kupasuliwa na kutiwa chuma ndani, na kazi hiyo hufanywa Eldoret. Tukichelewa, mguu utaungana unavyotaka wenyewe.

Hapo ndipo nilipolikumbuka neno bima. Barasa alinisindikiza polisi. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba katika kitabu chake hakuna ajali iliyotokea, na nikitaka itokee nimletee mtu aliyeiona.

Nikaenda kwa fundi wa pancha, aliyeufukua mguu chini ya gurudumu kwa mikono yake. Akaangalia chini. "Nilikula, dadangu." Muuza makaa: "Nilikula." Mwenye hoteli alinipa siku nzima ya mapumziko yenye malipo, akaniambia nisimuulize kitu hicho tena. Kwetu, jambo likishapakwa majani na nyama ikaliwa, limezikwa. Anayelifukua huwa ameita ubaya urudi kwa mtu yule yule aliyeumia. Hawakuwa wanamwogopa Deng. Walikuwa wanamlinda Ekal.

Baba mdogo alikuwa bado mjini akingoja kuwapeleka mbuzi Nakalale. Barasa akamkabili pale pale mezani.

"Mzee, kwa heshima. Mbuzi si matibabu."

"Ejok," akajibu baba mdogo kwa salamu ya kwetu, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Mbuzi huonekana kwa macho. Hiyo yako huonekana kwa masikio. Mimi niliambiwa habari ya malipo ya serikali ndugu yangu alipokufa, na masikio yangu yangali yamejaa."

"Nitakuwa shahidi mimi mwenyewe kwamba mtoto aliumia."

"Wewe uliona gari likimkanyaga?"

"Sikuona."

"Lakini mbavu uliziona." Baba mdogo akatabasamu. "Zilikuwa tamu?"

Hoteli nzima ilicheka. Barasa pia alijaribu kucheka. Nikauliza kwa sauti ndogo kama mbuzi hawawezi kuuzwa. Baba mdogo aliniambia kwa upole kwamba mbuzi wa jeraha hawauzwi, huzaa. Na hata wangeuzwa wote kwa bei ya Lodwar, nilijua wasingemfikisha Ekal Eldoret na kumlipia chuma.

Barasa hakukata tamaa. Alinibeba hadi Kakuma kwa pikipiki yake, njia yote ile ya mashimo, akipunguza mwendo kila penye kona na kunieleza sababu, kana kwamba ilikuwa muhimu nijue. Kwamba mvua ikinyesha mbali, korongo hujaa hapa penye jua. Kwamba mtu anayesinzia njiani asione aibu kusimama. Tulimkuta Deng katika duka lake kambini, kati ya magunia. Alituletea soda. Barasa akamwomba kitu kimoja, aende polisi akakiri kwamba lori lake lilimgonga mtoto. Bima italipa, si yeye.

Deng alinisikitikia, nilimwona. Aliketi juu ya gunia, akawa mdogo.

"Binti yangu, mimi iko mkimbizi," akasema. "Lori iko kwa jina ya mtu ingine, Mkenya. Dereva hana leseni. Polisi ikiandika leo, kesho hakuna lori. Na watoto yangu iko saba." Kisha akaongeza, "Na ile siku mzee yako alinipaka. Mimi nililala usingizi. Usinitoe kwa hiyo."

Alitupatia mfuko wa unga. Barasa aliufunga nyuma ya pikipiki, na tuliporudi Lodwar hakusema neno juu ya magari wala moyo wala pesa.

Mguu wa Ekal uliungana unavyotaka wenyewe. Mbuzi walikwenda Nakalale, ugonjwa ukawapunguza, ukame ukawamaliza. Mwisho wa 2013, vita vilipozuka tena kwao, Deng alikwenda kuwatafuta ndugu zake, na duka lake likawa la mtu mwingine. Barasa aliendelea kuagiza chai, ikaendelea kupoa, na Ekal akaendelea kuinywa, mguu umekunjwa chini ya meza.

Miaka mingi baadaye, Barasa ndiye aliyenifundisha kazi hii. Tulipokaa Kitale mafunzoni nilimwona akitoa chupa ya chai yake nyeusi isiyo na sukari, na kidonge. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ugonjwa wa sukari alikuwa nao kabla hajafika Lodwar. Mtu yule alikuwa hajawahi kuinywa chai yetu hata mara moja. Alikuwa anamnunulia Ekal kifungua kinywa, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumpa mguu, hakutaka kushukuriwa kwa mandazi.

Na baba mdogo pia nimemwelewa, ingawa kwa kuchelewa. Alichukua kilichoonekana kwa macho, kwa sababu vyote alivyowahi kuahidiwa kwa masikio vilipotelea huko huko. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mguu ndio uliokosa mwenyewe.

Siku hizi nikisikia ajali huwasha pikipiki yangu upesi, lakini mara nyingi nakuta moshi wa nyama umeshapanda. Wananikaribisha, wananikatia kipande kizuri, wananiambia dada wa bima kaa. Nakaa. Nawapa pole, namtazama aliyeumia, naangalia stika kwenye kioo. Nyama siigusi. Watu wa Lodwar wanasema nina vidonda vya tumbo, wengine kwamba nimeokoka kupita kiasi. Nawaacha waseme. Lazima abaki mmoja ambaye hajala.

Ekal ni fundi wa pancha sasa, kazi ya kukaa. Nikirudi jioni hunisogezea kigoda na kuniuliza jambo lile lile.

"Umekula?"

"Sijala."

"Wamelipwa?"

"Bado."

Hucheka kidogo, akaunyoosha ule mguu hadi unapokubali kufika, akanimiminia chai.