Chupa Aliyoikana Kaka Yangu

Marva wa maktaba amenisumbua tangu Januari. "Mis Icilda, tunatengeneza kitabu cha wazee wa Cedar Bottom, andika maisha yako." Nikamwambia shule niliiachia darasa la tatu, viazi vikuu vya baba vilikuwa vinangoja kuchimbwa. Akasema, andika kama unavyosema. Haya, naandika, lakini mtu asinisahihishie. Na kama mlitaka bibi wa kuwasimulia jinsi watu wa zamani walivyopendana, mngekwenda nyumba nyingine.

Naitwa Icilda Braham. Nina miaka sabini na tisa na meno kumi na moja, yote yangu. Nimezaliwa mlima huu huu wa Jamaika, naishi na mbuzi wanne, na viazi vyangu nachimba mwenyewe mpaka leo.

Mama yangu alikuwa mtu wa majani. Bangi ndiyo aliyoijua kuliko yote, na hakuivuta hata siku moja, wala mimi. Unachuma majani mabichi asubuhi, umande haujakauka. Unayashindilia kwenye chupa, unamimina ramu nyeupe mpaka shingoni, unaiweka chini ya kitanda siku tisa. Siku hizo tisa chupa haiguswi. Haisogezwi, haitikiswi, hata ukifagia unaizunguka. Ukiisogeza, mama alisema, umebaki na pombe tu. Baada ya hapo ni ya kusugua maungo, na kijiko kimoja kwa mwenye kifua.

Kila nyumba ilileta chupa yake, na mama alizifunga vitambaa shingoni zisichanganyike. Ya kina Tulloch kitambaa chekundu, ya mwalimu Haughton cha njano. Ya kaka yangu Alvan ilikuwa chupa ya kahawia, na kitambaa chake mama alikichana kwenye aproni yake mwenyewe, ya buluu yenye madoa meupe, kwa sababu Alvan ndiye aliyekuwa mgonjwa wa nyumbani kwetu. Pumu. Mama alipokufa nikaendelea mimi, na ukanda ule ule.

Si kila mtu nilimpa. Mwenye mimba, hapana. Mwenye moyo wa kwenda mbio, hapana. Vijana waliokuja kuomba ya kuvuta niliwatoa na ufagio, maana nilimwona Dalbert, mtoto wa Mis Tulloch. Alianza kuvuta ana miaka kumi na minne, asubuhi mpaka jioni, mwisho akawa anagombana na mawe barabarani. Nalisema hili kwa kuwa siku hizi watu wanaizungumza bangi kama maziwa ya mama. Daktari wa zahanati naye aliniambia kijiko changu hakitibu pumu, huenda kaka yangu alitulizwa na mkono wangu mgongoni tu. Huenda. Sibishani naye. Ila yeye hakuwepo usiku hata mmoja, na mimi nilikuwepo kila usiku.

Mwaka wa sabini na nne askari walipanda mlima kusaka bangi, wakati ule marufuku. Mis Tulloch, jirani yangu wa chini, akagonga sufuria, ndiyo ilikuwa ishara yetu, kisha akapiga kelele, "Icilda! Wameshapita darajani! Tupa vitu vyako!"

Nilikuwa na muda, nataka mlijue hilo. Chupa saba za watu nilizitia kwenye kikapu nikazifukia kwenye shimo la viazi. Ikabaki moja chini ya kitanda, ya Alvan. Ilikuwa na siku saba, bado mbili. Na wiki ile kifua chake kilikuwa kinalia kama paka aliyefungiwa ndani. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Nikashusha shuka ifunike, nikaenda kukaa mlangoni kumenya ndizi.

Waliikuta kabla sijamaliza ndizi ya tatu. Na mimea yangu mitatu wakaikuta katikati ya mbaazi.

Mahakamani sikuogopa. Nilisema chupa ni dawa, dawa ni ya kaka yangu, yule pale, muulizeni. Alvan alikuja na suti ya kanisani. Mwezi ule walikuwa wanataka kumfanya shemasi. Hakimu akainyanyua chupa na ukanda wa aproni ya mama ukaning'inia mbele ya watu wote.

"Bwana Braham, chupa hii ni yako?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Umewahi kutumia dawa ya dada yako?"

"Sijawahi, mheshimiwa. Wala chupa hiyo sijapata kuiona."

Mkono ulikuwa juu ya Biblia. Na kifua kilikuwa kinapiga filimbi, nilikisikia kutoka kizimbani.

Nilikaa jela miezi kumi na minane. Ya jela siandiki, Marva asiniombe. Niliporudi nilikuta jina langu limepigwa mstari kwenye kitabu cha kanisa. Katibu ndiye aliyepiga mstari, lakini aliyemshikia kitabu ni shemasi mpya.

Sasa kuna jambo moja. Anayezikwa kwenye uwanja wa kanisa ni yule aliyemo kitabuni tu. Mama yangu amelala kando ya ukuta wa kusini, na ubavuni pake pana nafasi ya mtu mmoja. Aliniambia nilale pale mimi, nikamwahidi. Na aliyefutwa harudishwi mpaka mtu anayelijua jambo lake asimame siku ya Jumapili, mbele ya wote, amsemee. Miaka hamsini sikumwomba mtu. Watu wenyewe walijua. Walikuwa wanakuja na chupa zao mlango wa nyuma, kisha Jumapili wananipita barabarani kama nguzo ya umeme. Hata Alvan alikuwa anamtuma mkewe: "Wifi, kaka yako anaomba kidogo cha goti." Na nilimpa. Msiniulize kwa nini.

Kisha sheria ikageuka. Nyumba ikaruhusiwa mimea mitano, na Jamaika nzima ikaanza kusema dawa, dawa. Mwaka jana wenye suti wakafungua duka la dawa za bangi mjini Sav. Mwezi wa nane mwaka huu nilishuka sokoni na viazi vyangu, nikakuta picha ukutani pa duka lile, kubwa kama mlango. Alvan. Kofia nyeupe, tabasamu lote nje, na mkononi chupa ya kahawia. Shingoni mwa chupa kitambaa cha buluu chenye madoa meupe. Kipya, cha dukani.

Chini yake maandishi. Nasoma polepole, lakini nasoma. SHEMASI BRAHAM: NIMEITUMIA TANGU UTOTONI. Niliyasoma mara tatu nikidhani ni macho yangu.

Nikaingia. Ndani kuna binti wa kucha ndefu.

"Huyu mzee wa ukutani mmemtoa wapi?"

"Babu Alvan? Mtamu huyo, bibi! Akikaa hapa tunacheka mpaka basi. Anatuhadithia alivyokuwa anaitengeneza mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Ee. Siku tisa chini ya kitanda, na haisogezwi!" Akacheka. "Bibi nawe una cheti cha daktari? Bila cheti sikuuzii kitu."

"Mwanangu, cheti changu nilipewa na hakimu."

Hakuelewa. Nilibeba kikapu nikapanda mlima moja kwa moja mpaka kwa Alvan. Alikuwa kibarazani, shingo nyuma, anajitia matone. Ana presha ya macho siku hizi, pembeni haoni vizuri.

"Nani?"

"Nimekuona mjini. Umenenepa ukutani."

"Icilda! Kaa, kaa. Kuna shelisheli ya kuchoma na samaki wa chumvi."

"Sikuja kula."

"Aa, ile picha. Vijana walinisihi, dada. Wananipa na mafuta yao. Daktari kasema matone ya hospitali nisithubutu kuyaacha, mafuta yao yanashusha presha ya jicho saa chache tu. Lakini napumzika."

"Alvan, nani aliyekuwa anatengeneza?"

"Sasa dada, mambo ya..."

"Nani?"

"Wewe. Mama, halafu wewe. Nani asiyejua?"

"Kanisa halijui. Jumapili simama uwaambie. Maneno yale yale ya ukutani, usiongeze hata moja."

Alifuta jicho kwa leso, akaikunja, akaikunjua.

"Ndiyo ilikuwa sheria wakati ule, Icilda. Sasa ni dawa."

"Ilikuwa dawa siku ile ile. Kifua chako kilikuwa kinaimba mbele ya hakimu."

"Nikisimama watasema shemasi alidanganya juu ya Biblia."

"Kwani hukudanganya?"

"Nina miaka themanini na mbili! Unataka nife na aibu?"

"Mimi nimekaa nayo hamsini na bado nachimba viazi."

Akaitia leso mfukoni. Kisha akasema kwa sauti ya shemasi, ile ya kutoa pole: "Nitakujengea kaburi zuri, dada yangu. Kule makaburi ya mjini. La marumaru."

Basi, nikajua hatasimama. Nilikuwa nimengoja bila kujiambia kwamba nangoja. Nilimwachia Mungu, nilimwachia uzee, nilisema siku bangi ikiwa halali ulimi wake utafunguka. Umefunguka, kwa wenye suti.

Nilikuwa ngazi ya mwisho aliponiita. "Icilda! Ile ya goti imeisha. Utaniletea nyingine?"

"Lete cheti," nikamwambia.

Simngojei Alvan tena. Kabatini kwangu zipo chupa ishirini na tatu ambazo wenyewe hawakuzifuata, na vitambaa vyao shingoni. Chekundu cha kina Tulloch kipo. Cha njano cha mwalimu Haughton kipo. Cha mistari cha mchungaji wa zamani nacho kipo, mjukuu wake anajijua.

Kwa hiyo wewe unayesoma kitabu cha Marva, usiniletee pole wala keki. Nenda kamuulize bibi yako chupa yenu ilikuwa na kitambaa cha rangi gani. Njoo uichukue, mlango wa mbele. Jumapili ya pili ya Novemba uingie nayo kanisani, usimame mbele ya shemasi, uiinue mpaka aione na jicho lake lile, useme: hii ilitengenezwa na Icilda Braham, na kwetu tuliitumia. Mimi nitakuwa nje, kando ya ukuta wa kusini, ubavuni pa mama, nawasikiliza. Sema kwa sauti.