Pasaka ya Tope Ukweni

Mume wangu aliniahidi mapumziko. Neno hilo alilitumia mwenyewe, tukiwa sebuleni kwetu Dar es Salaam, feni ikitupulizia joto lilelile. "Pasaka hii twende kwa mama," alisema. "Kijani kitupu, baridi nzuri, wewe ni kukaa na kunywa chai." Mimi ni mzaliwa wa Dodoma. Kwetu mvua ikinyesha, watu wazima hutoka barazani kuitazama kama harusi inayopita. Nikakubali haraka, nikafungasha na viatu vyeupe.

Tulifika Moshi mchana, mvua ikiwa imetutangulia. Mlima haukuonekana. Mume wangu alininyooshea kidole wingu zito la kijivu. "Uko pale," alisema kwa fahari, kama aliyeujenga. Nikaliangalia lile wingu kwa heshima zote.

Mama mkwe alikuwa amempigia mwanawe simu: gari tuliache dukani lami inapoishia, tupande kwa miguu, njia imeharibika. Ulikuwa ushauri wa mama aliyeupanda mteremko ule tangu aolewe, lakini ambaye, kwa maoni ya mwanawe, hajui magari.

"Mama anaogopa bure. Njia hii nimeikulia."

"Umeikulia kwa miguu," nikamwambia.

Akapandisha kioo cha dirisha, kana kwamba mimi nilikuwa nje.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, letu la kwanza, na aliliosha kila Jumamosi kwa upole ambao hata vyombo vya nyumbani havijawahi kuuonja. Lilipanda kwa ujasiri mpaka kona ya pili. Hapo likasita. Kisha likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kwa adabu kabisa, mume wangu akizungusha usukani ambao haukuwa tena na mamlaka yoyote. Tukaacha njia, tukaingia kwenye kihamba cha watu, katikati ya migomba na mibuni, tukagota kwenye mgomba uliobeba mkungu. Mgomba nao ukavumilia kidogo, kisha ukatulalia juu ya paa.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Hapana. Nimeshaanza kupumzika."

Mwenye kihamba alitokea na mabuti ya mpira, mfuko wa mbolea kichwani na panga mkononi. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja, kwa sauti ya wanafunzi waliochelewa. Aliutazama mgomba kwanza, gari baadaye, sisi mwisho.

"Wewe si mtoto wa nyumba ya juu? Mama yako alinipigia. Alisema nikikuona na gari, nikusimamishe."

"Hukunisimamisha, baba."

"Nilikuwa nakunywa chai. Mgomba umekusimamisha."

Akaita majirani. Wakaja, kila mmoja na maoni yake kuhusu matairi. Mume wangu alibaki ndani, maana lazima mtu ashike usukani, na sisi wengine tukasukuma kwenye mvua. Gari lilinguruma, likanitemea tope kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vyeupe, halafu halikwenda popote.

"Liacheni hapa mpaka njia ikauke," mzee akaamua.

"Itakauka lini?"

"Mwezi wa sita," akajibu bila ubaya wowote. Kisha akaukata ule mkungu na kumtwisha mume wangu. "Umeuangusha, upeleke kwa mama yako."

Ndivyo tulivyoingia ukweni: mimi wa rangi ya udongo, yeye na mkungu kichwani. Mama mkwe hakupiga kelele. Alinikalisha karibu na jiko la kuni, akaniwekea maji ya moto kwenye beseni, na mimi nilipotumbukiza miguu humo nikaona haya kuwa nilikuwa nimemwogopa mwanamke huyu tangu siku ya mahari. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Gari liko wapi?"

"Nimeliacha kwa jirani, mama."

"Vizuri. Mimi nilisema dukani, lakini kwa jirani ni karibu zaidi."

Siku zilizofuata mvua haikujali sikukuu. Mume wangu alishuka asubuhi na jioni na mwavuli kulijulia hali gari lake, kama mgonjwa wa wodini. Mama mkwe akaona isiwe safari ya bure, akampa mundu akate majani ya ng'ombe akirudi. Sisi wawili tulibaki jikoni tukimenya ndizi za mtori.

"Huyu tangu mdogo," aliniambia, "ukimwambia moto unaunguza, anataka risiti."

Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka. Tangu hapo sikumwogopa tena.

Jumanne baada ya Pasaka jua lilichomoza kidogo. Mzee akakusanya vijana, wakatandika mawe na magogo chini ya matairi, wakalivuta gari kwa kamba hadi njiani. Mume wangu alitoa maelekezo mengi, hakuna aliyeyasikia.

Mama mkwe alishuka kutuaga. Alinishika kiganja, akaongea Kichagga kirefu huku akimtazama mwanawe. Yule mzee alicheka mpaka akauegemea mlango wa gari.

"Amesema nini?" nikauliza tulipoanza kuondoka.

"Anatutakia safari njema," akajibu mume wangu.