Kamba Niliyoipaka Mafuta ya Alizeti

Nakumbuka siku moja katika Ziwa Kitangiri, mwanangu. Nilikuwa kijana mkulima wa Kinampanda, nimekwenda kuvua na mjomba wangu Mkumbo, na ujuaji umenijaa kichwani.

Mjomba alinikabidhi kamba ya kuwashia injini ya boti. Kila jioni niivute yote nje, niifute, niikague mpaka mwisho. Nikaona ananichosha bure. Kwetu kamba za ngozi za maksai tulizilainisha kwa mafuta, basi na hii nikaipaka mafuta ya alizeti, nikaiacha ijikunje ndani ya injini. Sikumwambia. Kumbe nimewaandalia panya karamu.

Asubuhi nilipoivuta kidogo niliona nyuzi zimetafunwa. Nikaona aibu, nikanyamaza. Injini ikawaka mara moja, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Katikati ya ziwa tuliizima ili tuvute nyavu. Kiboko akaibuka karibu, kama kutoka hapa hadi jikoni. Mjomba akasema taratibu, "Washa."

Nikavuta. Kamba ikakatika, nikabaki na kishikio mkononi. Kiboko akazama, na kiboko unayemwona, mwanangu, ni afadhali kuliko usiyemwona. Mjomba akafungua kifuniko cha injini, akazungushia kamba ya nyavu kwenye gurudumu lake, akavuta. Kimya. Akavuta tena, kimya. Mara ya tatu ikanguruma, tukaondoka, na maji yakapasuka pale pale tulipokuwa.

Ufukweni hakunipiga. Aliketi mchangani, akaitazama ncha ya kamba iliyotafunwa, akaniuliza, "Asubuhi uliiona?"

"Niliiona, mjomba."

"Mimi sijui kuogelea," akasema. "Wewe ulijua kamba ni mbovu, na bado ukaniacha nipande."

Nililia mbele yake bila kujificha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Mimi nusura nimuue asiye na kosa. Kwa hiyo, mwanangu, kamba usiikague pale panapoonekana tu, ivute mpaka mwisho wake. Na ukiharibu, sema mngali nchi kavu, hata kama watakucheka. Aibu ya ufukweni inapita kabla ugali haujaiva.

Mungu akupe mkono mwangalifu na mdomo usioogopa kukiri kosa, na kila atakayepanda boti yako umrudishe kwao akiwa mzima.