Muda wa Kigelegele Kimoja

Mimi flashi siipimi kwa sekunde. Karatasi ya ndani ya boksi iandike inavyotaka, kila mwenye kiwanda anasifia cha kwake, lakini kwenye kumbi zetu za Iringa hakuna anayesubiri sekunde za boksi. Mimi napima kwa kigelegele. Shangazi mmoja akipiga kigelegele, flashi yangu iwe imemulika, imejaza moto upya, na ile taa nyekundu ya nyuma imewaka tena kabla pumzi haijamwishia. Ikishindwa hapo haifai, maana mambo yote ya maana kwenye sherehe zetu yanatokea ndani ya kigelegele. Bibi harusi anainua uso, mama mtu anafuta machozi, mjomba aliyenuna wiki nzima anacheka. Kigelegele kikikatika, kila mtu amesharudi kwenye sura yake ya kawaida.

Ndivyo nilivyoinunua hii ninayoisimulia. Ya zamani ilinifia mikononi Kihesa, karibu na nyumbani kwangu, katikati ya ubarikio wa watoto wa watu, na sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilikuwa inakaribia. Nikapanda basi mpaka Mbeya, kwa mzee mmoja pale Mwanjelwa anayeuza kamera na redio, mtu mwenye asili ya pwani, mwenye kofia yake na maneno ya taratibu. Akanipangia mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa na betri yake yenyewe, nene, ya kuchaji, isiyoingiliana na kitu kingine chochote. Nyingine ilikula betri nne ndogo, zile za kawaida zinazoingia kwenye redio na tochi.

"Ziwashe zote," nikamwambia. Nikabonyeza ya kwanza kwa nguvu yake yote, na hapo hapo nikapiga kigelegele.

"Loh!" mzee akashika kofia. "Dada, unaniozesha asubuhi yote hii?"

Watu wakasimama mlangoni kuangalia nani anaolewa. Nikawapuuza, nilikuwa kazini. Ile ya betri nene ilirudi hata kigelegele hakijapamba moto. Ile ya betri ndogo, mzee akiwa ameipachikia betri mpya za kuchaji, ilirudi pumzi ikiwa inaniishia kabisa. Yaani imefaulu, lakini kwa kukimbizana.

Nikachukua hiyo ya pili. Msinione mjinga. Ile betri nene ikifa kwetu Ilula, nani ataniuzia nyingine? Betri ndogo zipo kila duka lenye chumvi na kiberiti. Mzee akakubali, "Hapo umesema kweli," akanifungia na betri za akiba kwenye kipochi cha zipu. Ila akaniambia nisizichanganye na za aina nyingine. Betri moja ikichoka, alisema, zilizobaki zote zinaisubiri hiyo, na mwenye kamera anasubiri pamoja nazo. Nikamjibu kwamba hiyo naijua tangu zamani.

Nyumbani kwetu ni Ilula. Baba alilima nyanya maisha yake yote, na sisi tumekua tukizipanga kwenye ndoo za plastiki kando ya barabara, tukikimbilia madirisha ya mabasi. Kisha kiharusi kikampiga, upande wote wa kulia. Mtu aliyekuwa anabeba tenga zima begani akawa wa kuinuliwa kitandani na mama na mpwa wake, mmoja huku, mmoja kule. Mdomo ulirudi baada ya muda. Mguu haukurudi. Akabaki na kiti chenye mikono ya mbao, dirisha, na redio yake ndogo.

Ile redio ndiyo iliyokuwa shamba lake jipya. Aliisikiliza kuanzia taarifa ya alfajiri mpaka matangazo ya vifo. Betri zake hakuzitupa hata siku moja. Zikichoka alizianika juani kwenye kizingiti cha dirisha, akizigeuza geuza, na zikikaidi aliziuma kwa magego mpaka zikabonyea, akazirudisha. Na kweli redio ilikuwa inakohoa kidogo, inaendelea. Msicheke, nyumba ngapi za kwetu mtu hajawahi kuuma betri? Mimi mwenyewe nimeuma. Mama alikuwa anamwambia meno yataisha, yeye anajibu kwamba nyama yenyewe haipo, acha meno yafanye kazi nyingine.

Sasa, sendofu. Mchumba wa mdogo wangu ni mtu wa Mbeya, kijana mpole, na ndugu zake wakaja wengi mno. Kwenye vikao kamati ilikuwa imeshaamua kwamba hakuna haja ya mtu wa video wala mpiga picha mwingine. Dada mtu si yupo? Nilinuna, kisha nikakubali. Moyoni nilitaka picha moja tu. Baba na mdogo wangu, siku anaondoka. Baba hana picha na yeyote kati yetu tangu tuwe watu wazima. Kila nilipokuja na kamera yuko shambani, na alipoacha kwenda shambani akawa hataki kupigwa. "Sipigwi picha nimekaa kama gunia," alikuwa anasema. Safari hii alikubali. Mama alimnyoa, akamvalisha koti la harusi yake mwenyewe, likawa linampwaya mabegani.

Niliacha begi langu chumbani kwa baba, kando ya kiti chake, mchana wote, nikazunguka kupanga viti ukumbini. Hiyo ni kawaida, nyumbani ni nyumbani.

Jioni ikaingia na umeme ukakatika, ungekosaje. Wakawasha jenereta, ikabeba muziki na zile taa za rangi zinazozunguka, basi. Ukumbi ukawa wa bluu, mara wa kijani, nyuso za watu hazina mwanzo wala mwisho. Bila flashi hapo hufanyi kitu. Lakini nilikuwa nayo, na ilikwenda vizuri ajabu. Mdogo wangu akaambiwa akamtafute mwenzake katikati ya wageni, maana ndiyo desturi ya sendofu zetu. Anakwenda anacheza taratibu na shada mkononi, anapita meza moja, anajifanya hajamwona, anarudi, watu wanapiga kelele "Huyo! Huyo!" Nilimpiga kila hatua. Kila kigelegele na picha yake.

Walipokuwa wanarudi mbele wameshikana, nikaona flashi inaanza uvivu. Nikatoa betri nne, nikafungua kipochi, nikapachika za akiba kwa kupapasa, gizani, huku nikirudi nyuma ili nisimkanyage mtu. Mkononi betri ni betri. Nikasikia flashi inalia kile kimlio chake chembamba cha kujaza. Nikasema moyoni, haya mama, jaza.

Mshereheshaji akatangaza kwamba baba mzazi atampokea mkwe wake akiwa ameketi, kwa sababu ya afya. Mdogo wangu na mchumba wake wakapiga magoti mbele ya kile kiti cha mikono ya mbao tulichokibeba kutoka nyumbani. Na mimi nimesimama mbele yao, mahali pa mpiga picha, nimeshaweka lenzi sawasawa.

Baba akashika mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto. Nikadhani anajiweka vizuri. Akaegemea mbele. Mama akanyoosha mkono kumsaidia, yeye akautoa. Akasimama.

Jamani, baba yangu alisimama. Hakuna aliyemshika. Alisimama amepinda kidogo kama mti wa mpera uliochimbwa mizizi upande mmoja, koti limemshuka upande mmoja, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mdogo wangu. Ukumbi mzima ukalipuka. Shangazi zangu walipiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia.

Nikabonyeza. Kamera ikasema ka! na hapakumulika kitu. Nikatazama nyuma ya flashi, taa nyekundu haijawaka. Kimlio kilikuwa kinaendelea, chembamba, kinapanda, hakifiki. Nikabonyeza tena, giza. Nikaitoa flashi kwenye kamera kabisa, nikaipandishia kamera uwezo wa kuona gizani mpaka mwisho, nikapiga, nikapiga, taa za bluu zinazunguka. Nikairudisha flashi, nikaitikisa, kana kwamba kuitikisa kunasaidia. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Waka basi, waka, mama yangu waka." Nilimwona baba anatetemeka goti. Nilimwona anatafuta lenzi kwa macho, anaitazama, anainua kidevu kidogo kama mtu anayejua anapigwa picha. Kigelegele kikakatika. Akaketi, mama amemshika kiunoni.

Ndipo taa nyekundu ikawaka.

Nilipiga hiyo pia, ya kuketi. Nilipiga nyingine nyingi, sikumbuki nilivyopiga. Nikatoka nje kwenye mwanga wa jenereta nikafungua mlango wa betri. Mbili zilikuwa zangu. Mbili zilikuwa za karatasi iliyopauka kwa jua, zimebonyea ubavuni, na kila moja ina alama za meno. Meno yenyewe nilikuwa nayajua, nimeyaona yakiuma mahindi tangu nizaliwe. Nikakaa chini kwenye tofali nikalia, fundi wa jenereta akadhani nalia kwa sababu mdogo wangu anaolewa, akaniambia ndiyo maisha hayo.

Zile nilizopiga bila flashi zilikuwa ukungu wa bluu mtupu, nikazikagua simu za ukoo mzima. Waliopiga ni wengi. Wote wamepata mgongo wangu.

Asubuhi niliamshwa na redio. Ilikuwa inaunguruma nyumba nzima, taarifa ya habari kama mtangazaji yuko jikoni. Nikaingia chumbani. Baba alikuwa amelala chali, amechoka mpaka midomo, lakini anacheka.

"Mama," akaniita. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Betri zako ni kiboko. Nilichukua mbili kwenye kale kamfuko."

"Nimeziona, baba."

"Sikukuachia pengo lakini. Nilikuwekea zangu. Nilizianika siku mbili nzima, zikaamka kabisa." Akavuta pumzi. "Ile ya kusimama imetoka?"

Mngemwambia nini? Niambieni ninyi. Nimwambie, baba, umesimama mara moja tangu uumwe, na uliyeizima flashi ni wewe? Nilifungua mdomo. Mtangazaji akataja bei ya nyanya, baba akainua kidole nimpishe asikilize. Bei zilipomalizika nikamjibu, "Bado iko kwenye kamera."

"Nisafishie kubwa. Ya kutundika."

Mimi ni mtu wa maneno, wateja wangu wananijua, nimeshawahi kumfokea mchungaji aliyesimama mbele ya lenzi. Lakini hili nililikwepa. Kila nilipotoka Kihesa kwenda kumwona, nikisema "Kamwene, baba," ananiitikia na kuuliza picha. Nilimpelekea ile ya kuketi, nimeitia fremu. Akaitazama kwa heshima. "Hii nzuri," akasema, "nayo uiweke. Ile nyingine je?" Mama akanitazama. Mama alikuwa ameshajua, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Na hali yake ikawa inashuka. Kile kiharusi hakikurudi, ila alikuwa anapungua tu, kila nikija kiti kimekuwa kikubwa zaidi.

Mwaka huu, mvua zikiwa nzito, mdogo wangu alikuja na mume wake kutoka Mbeya. Tulikuwa wote sebuleni mchana, mabati yanapiga kelele, ndani kuna giza la mawingu. Baba akaniita karibu. Akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akasema taratibu, bila lawama yoyote, "Mama, ile picha haikutoka."

Nikasema, "Haikutoka, baba."

"Mbona hukusema? Picha si inarudiwa." Akamgeukia mdogo wangu. "Pigeni magoti hapo. Nyie wengine, nipeni lile koti."

Tukamvalisha. Wakapiga magoti kwenye mkeka, mdogo wangu amekwishaanza kulia, mume wake anamnong'oneza anyamaze. Mimi nikapachika betri mpya, zote nne za aina moja, nimezichaji mwenyewe, hakuna aliyezigusa. Kimlio kilipanda mara moja tu, na taa nyekundu ikawaka papo hapo. Haijawahi kuwaka haraka vile. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Baba akashika mkono wa kiti. Akaegemea mbele. Mishipa ya shingo ikasimama, koti likatikisika, kisha akarudi nyuma. Akapumzika. Akashika tena.

"Usipige," akaniambia. "Bado sijasimama."

"Sawa, baba. Nasubiri."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mvua ilikuwa inanyesha na mama amesimama nyuma ya kiti, mikono ameificha ndani ya kanga ili isiende kumsaidia. Tulisubiri mpaka flashi ikachoka kutusubiri, ikajizima yenyewe, maana zimetengenezwa hivyo, kutunza betri. Nikagusa kitufe, ikawaka. Baba alikuwa bado ameshika mkono wa kiti.