Rubisi ya Ta Clavery na Ua wa Kampuni

Kila Alhamisi Kuu, padri anapotafuta wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu, mzee wetu Ta Clavery Byabato huwa wa kwanza kuitwa, na wala si kwa utakatifu. Ni kwa ajili ya miguu yenyewe. Haina ufa, haina funza, kucha zimekatwa kama za bibi harusi. Padri akishapita kwa wengine kumi na mmoja na kukutana na yaliyomo miguuni mwao, akifika kwa Ta Clavery anapumzika.

Uso Ta Clavery huunawa akikumbuka. Miguu huisugua kwa jiwe na sabuni asubuhi na jioni, maana ndiyo mitambo ya kiwanda chake. Yeye ni mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi yake inajulikana kutoka kijijini kwetu huku Muleba mpaka Kashai mjini Bukoba, ambako bodaboda huifikisha ikiwa inatokota kwenye madumu na abiria mwingine hapati nafasi.

Kazi yenyewe ni hii. Ndizi za embire, zile za pombe, zikishaiva na kumenywa, humwagwa ndani ya mtumbwi wa mti, huchanganywa na nyasi, na Ta Clavery huingia na kukanyaga. Nyasi ndizo zinazokamua. Bila nyasi unakanyaga uji. Maji yakitoka huchujwa, hutiwa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake kijiji kizima kina hoja.

Nyasi hizo ni laini, hazina harufu, na yeye huzikata katika bonde la Kyarwenda tu, kando ya mafunjo. Humo bondeni wanaishi pia korongo wenye taji, nzohe wale swala wanaojificha majini, kamongo, na vyura wa kila rangi. Chini yao wote, inasema Kampuni iliyokuja kutafuta madini, kuna nikeli.

Kijiji kiligawanyika. Mwalimu mstaafu Renatha aliunda kamati ya kupinga mgodi, akawa anapita nyumba hadi nyumba na picha za korongo. Upande wa pili walikuwapo wanaosubiri ajira, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaosubiri kuona. Ta Clavery alikuwa wa kundi la nne, peke yake.

"Ta Clavery, tusainie hapa, unapinga," Renatha alimwambia.

"Ma Renatha, mimi nauza pombe. Wanaopinga wanakunywa, wanaounga mkono wanakunywa. Nikipinga, nitampinga mteja yupi?"

"Na korongo?"

"Korongo hajawahi kununua kwangu hata kibuyu kimoja."

Basi Kampuni ikatangaza mkutano wa maoni, Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi. Afisa mahusiano wao, Wilbert, kijana wa Rwamishenye, Bukoba, aliyesoma Dar es Salaam akarudi na viatu vilivyochongoka, alifika kwa Ta Clavery na gari jeupe. Akapewa kiti, akapewa kahawa ya kutafuna, akaitafuna kama anayekumbuka jambo la utotoni.

"Ta, Kampuni inapenda kushirikiana na jamii. Siku ya mkutano tunataka wananchi waburudike. Tumeuliza kila mahali, wanakutaja wewe tu."

Sifa kama hiyo mtu haikatai. Ta Clavery alitundika mikungu juu ya meko iive, akapiga simu Kashai kwa wateja wake kuwaambia kwamba wiki hii wasimtegemee, yuko na wawekezaji. Mkewe, Ma Agnetha, alisema miguu imeanza kupanda kichwani.

Ndizi zikaiva. Ta Clavery akachukua mundu, akateremka Kyarwenda kukata nyasi. Akakuta seng'enge.

Ua ulikuwa umezunguka mafunjo yote, na getini alikaa Limbu. Huyu Limbu ni Msukuma aliyekuwa akinunua dagaa visiwani kabla hajapata ulinzi wa Kampuni. Ni mteja mzuri, anayekunywa bila matusi.

"Fungua, nikate nyasi."

"Haiwezekani, mzee wangu. Nimeambiwa hata jani lisitoke. Ni eneo la utafiti."

"Limbu, nyasi ni za pombe ya Kampuni."

"Najua. Na mimi nitakuja kuinywa. Lakini bila kibali nikikufungulia, Jumatatu narudi kwenye dagaa."

Ta Clavery akampigia Wilbert. Wilbert alisikitika sana, akaeleza kwamba kibali kinatoka ofisi ya Bukoba, kinapitia mazingira, kinapitia usalama, kitapatikana wiki ijayo.

"Mkutano ni Jumamosi hii, mwanangu."

"Sasa Ta, si ukate nyingine hapo njiani? Nyasi ni nyasi."

Ta Clavery alikata simu. Katika maisha yake ameitwa mlevi, ameitwa bahili, na paroko mmoja aliwahi kumwita chanzo cha majaribu. Hakuna aliyewahi kumwambia nyasi ni nyasi.

Hata hivyo alijaribu, maana ndizi haziwezi kusubiri kibali. Alikata mabingobingo ya ng'ombe wa jirani, akakanyaga. Maji yalitoka mazito, ya kijani, yakinuka zizi. Ma Agnetha akachovya kidole, akalamba, akamtazama mumewe kwa huruma.

"Mpe mwenye ng'ombe," alisema.

"Watu watakunywa tu. Ni ya bure."

"Watakunywa. Halafu watasema ni ya nani?"

Hapo ndipo palipomuuma. Pombe ya bure hunywewa hata ikiwa na chura ndani, lakini kesho yake jina linalotajwa si la chura. Ta Clavery akaibeba yote, akaimwaga kwenye mashimo ya migomba, akaosha miguu mara mbili.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja hata watu ambao hawakuwahi kuhudhuria mkutano tangu kijiji kianze. Walikaa mbele, wametulia, kila mmoja na kibuyu chake mapajani. Mgeni rasmi alifika, hotuba zikaanza, na macho ya watu yakawa barabarani.

Kwa desturi, mpishi ndiye huleta kibuyu cha kwanza kwa mkubwa wa shughuli, akionja yeye mwenyewe kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Ta Clavery alipita katikati ya watu na kibuyu chake kikubwa. Makofi yakapigwa. Akafika meza kuu, akakiinua, akakipindua juu ya kitambaa cheupe. Halikudondoka hata tone.

"Waitu, wakubwa wangu, pombe ipo ndani ya ua wenu," alisema. "Nimeambiwa ni eneo la utafiti."

Akaketi. Wale wa mbele wakaanza kuuliza maswali. Wameweka ua kwa ruhusa ya nani? Maji ya bonde yataenda wapi? Kamongo je? Na mafunjo ya mikeka? Mmoja ambaye wiki iliyopita alikuwa ameshaahidiwa kazi ya udereva, na hajui kuendesha, alisimama na kulia kwa ajili ya korongo. Ilipofika saa ya kunyoosha mikono kuunga mkono, mikono ilibaki imekumbatia vibuyu vitupu. Mgeni rasmi akaahirisha.

"Mwaka mzima nimewaeleza habari za viumbe hai," Renatha alilalamika wakirudi. "Kumbe dawa yenu ni kiu?"

"Ma Renatha, korongo haingii kwenye kibuyu. Nilikwambia."

Kampuni nayo ilijifunza. Mkutano wa pili ulipopangwa, Wilbert alipiga simu mwenyewe: "Ta, geti liko wazi kwako. Kata, uwaburudishe wananchi Jumamosi."

Ta Clavery alikata. Bondeni aliona mashimo ya kupima udongo mahali penye nyasi nzuri kuliko zote, na maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Alichukua mzigo wake, akakanyaga ndizi zake, akatia mtama wake, na Jumamosi asubuhi akafungua mtumbwi nyumbani kwake, chini ya migomba, saa ileile ya mkutano. Senti ya Kampuni hakugusa. Na mtu wa kwetu haondoki penye mtumbwi ambao haujaisha.

Kule shuleni spika zilipiga muziki, viti vya plastiki vikasikiliza. Saa sita Wilbert alitokea kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Ta, umenimaliza. Wananchi wako wapi?"

"Wanaburudika. Si uliniagiza? Hukusema wapi." Akaonja, akampa kibuyu. "Kunywa, mwanangu."

Wilbert akanywa. Akanywa tena, safari hii akiwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza alifanana na mtoto wa Rwamishenye.

"Ta, umeweka nini humu?"

"Nyasi."

"Nyasi gani?"

Limbu, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu getini lakini alikuwa hapo, alikohoa ndani ya kibuyu chake.

"Zile za kwenye mashimo yenu," alisema Ta Clavery. "Kunywa taratibu. Zilizobaki hazifiki Krismasi."

Wilbert alikishusha kibuyu, akatazama bondeni, ua unang'aa kwa jua. Kisha akaomba kiti. Ta Clavery akamwambia avue kwanza viatu, miguu ipate hewa.