Sebule Moja, Serikali Tatu

Madina binti Nassoro hakuwahi kumwambia mteja kwamba chumba chake ni kizuri. Alisema, "Kitakuwa." Neno hilo lilimlisha miaka mingi, maana ukimwambia mtu chumba chake kitakuwa kizuri anafungua mfuko, na ukimwambia tayari ni kizuri anakushukuru na kufunga mlango.

Alizaliwa Kisangani, katika ukoo wa Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kurudi. Mumewe, Jafari, alikwenda Bafwasende kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine, akatuma salamu. Madina hakulia sana. Aliuza baiskeli ya Jafari, akanunua cherehani, na tangu hapo husema kwamba katika ndoa ile aliyepata faida ni yeye.

Alianza na foronya na kanzu. Kisha Mgiriki mwenye duka la vitambaa akamtuma kushona mapazia kwa madamu mmoja wa Kibelgiji, ghorofa ya kwanza ya jengo lililotazama mto. Madina alikata vibaya. Mapazia yakaishia juu juu kama suruali ya mtoto anayekua. Akayaongezea chini ukingo mpana wa kitambaa chekundu, akangoja kufukuzwa. Madamu akapiga makofi, akasema huo ndio mtindo wa Paris. Madina hakubisha. Mtu akikuzawadia mtindo, unapokea na kuuliza chumba kinachofuata kiko wapi.

Kutoka hapo akawa mvishaji wa vyumba. Alivisha makochi, akapanga viti, akaamua picha ikae ukuta upi. Madamu akampa gereji ya chini ashonee na alale humo. Gereji ile ilikuwa na sakafu ya saruji, umeme, na milango mipana iliyotazama barabara, kiasi kwamba mtu hakuweza kupita bila kuona vitambaa. Sharti lilikuwa moja: aliyeishi ghorofani ndiye aliyeamua nani akae gereji. Akifukuzwa, Madina angerudi mtaa wa Kabondo kwa kaka yake Yakubu, ambaye mkewe alikuwa akimngoja kwa hamu, na karanga za kumenya hadi kifo.

Uhuru ukaja. Madamu akaondoka na masanduku, akaacha kochi refu, taa na viti. Akahamia bwana Wenceslas, jana karani, leo mkurugenzi, pamoja na mkewe Micheline.

"Mama Madina," Wenceslas alisema, "sitaki kitu kibadilike. Salon ibaki vile vile ya mundele, sebule ya Mzungu."

"Mundele alikuwa anakaa namna gani hapa?" Micheline akauliza. "Kiti moja huku, kiti moja kule, kama watu wameachana. Ndugu zangu wakikuja watakaa wapi? Ku balcon?"

"Ndugu zako wasikuje."

"Alors uhuru ni ya nani?"

Madina aliketi, akawaacha. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi: mume na mke wabishane mpaka wachoke, halafu unawatolea kitu cha tatu ambacho tayari unacho stoo. Kochi la madamu, lililovaa mahameli ya kijani, akalivika kitenge cha ndege wakubwa. Viti akavipanga kuzunguka kuta zote ili ndugu wa Micheline waonane vizuri na wasengenyane bila kunyanyuka. Pembeni akaacha taa, meza ndogo na kiti kimoja, Wenceslas asome gazeti la wiki iliyopita peke yake kama Mzungu. Akapaita "coin moderne", kona ya kisasa. Kila mmoja akapata nchi yake ndani ya sebule moja, jambo ambalo serikali yenyewe ilikuwa imeshindwa.

Baadaye Wenceslas akanunua gari, akaitaka gereji.

"Directeur," Madina akamwambia, "ukiifungia ndani, nani atajua uko nayo?"

Mkurugenzi akafikiri. Gari likalala nje miaka yote ile, likanyeshewa mvua na kutazamwa na watu. Madina akaendelea kushona.

Ndipo waasi wakaingia mjini. Ilikuwa sitini na nne, mwaka ambao tai shingoni iliweza kumgharimu mtu shingo yenyewe. Wenceslas alinyoa masharubu, akajifunga kitenge cha mkewe, akavuka mto kwa mtumbwi pamoja na Micheline, akijifanya shangazi yake. Waliomwona wanasema alipendeza kuliko alivyokuwa na suti.

Aliyekuja kukaa ghorofani ni Kanali Lambert. Zamani aliendesha lori la Bafwasende, na alifika cheo cha ukanali upesi kuliko lori lake lilivyowahi kufika mjini hata njia ikiwa kavu. Alisimama katikati ya sebule, majani ya mchikichi kichwani, akawatazama ndege wa kitenge cha Micheline.

"Hii salon iko ya bourgeois," alisema. "Na kule chini, gereji, watalala waaskari yangu. Wewe mama, toka."

Walinzi wake wakaanza kubwaga mikeka na kitanda cha chuma juu ya vitambaa vya Madina. Yeye akashuka, akaona, akapanda tena ngazi taratibu.

"Kanali, nitatoka. Lakini wakubwa ya mapinduzi wakikuja kukusalimia, utawapokea mbele ya ndege hizi?"

Lambert akageuka kuwatazama tena. Mmoja alikuwa kama anamcheka.

"Unasema nini?"

"Nasema nikuvalishe salon ya mapinduzi. Ikikupendeza, nabaki mu gereji yangu. Ikikosa kukupendeza, nabeba cherehani kwa kichwa, napita mbele ya watu yote."

Walinzi wakacheka; hiyo ya cherehani kichwani waliipenda. Kanali akakubali.

Kazi ile haikuwa nyepesi. Wapiganaji wale walikuwa wamenyunyiziwa dawa na munganga, yaani mganga wao, ili risasi zigeuke maji. Dawa ilikuwa na sheria, na kubwa kati yake zilikuwa mbili: mwenye dawa asiguswe na mtu asiye na dawa, na asilale na mwanamke. Kwa hiyo Madina alitakiwa kupanga sebule ya kupokea wageni ambamo mwenye nyumba haguswi na mgeni yeyote. Wabelgiji hawakuwahi kumwomba kitu kama hicho, ingawa walikitaka.

Akavunja coin moderne. Kochi akalipandisha juu ya mbao katikati ya chumba, peke yake, akalivua ndege na kulivika kitambaa cha njano alichokipiga madoa kwa masizi na mawese. Ukitazama kwa mbali, chui. Ukitazama kwa karibu, kitambaa cha godoro. Lakini nani angetazama kwa karibu? Viti vya wageni akavibana ukutani, mbele yake akazungusha meza kama uzio wa mbuzi. Na ili Kanali apokee karatasi au bia bila kukutana na vidole vya mtu, akaazima kwa mwokaji mikate ule ubao wake wa mpini mrefu wa kutolea mikate tanuruni.

Katikati ya shughuli hiyo Lambert alimwita pembeni, mikono akiificha mgongoni.

"Mama Madina, niko na shangazi yangu kule Kabondo. Mbu inamusumbua. Umushonee chandarua. Kubwa."

Madina akashona, akapeleka mwenyewe. Shangazi aliitwa Agathe. Alikuwa kijana kuliko mpwa wake, na alifungua mlango akiwa amevaa koti la jeshi na kitu kingine hakuna. Madina alifunga chandarua juu ya kitanda cha watu wawili, akaaga kwa heshima. Hakusema neno kwa mtu. Habari kama ile haitolewi bure.

Sebule ikawa tayari, na hapo ndipo Madina alipokosea. Katika nyumba za kwao mlango usio na pazia ni mlango uliovuliwa nguo. Mkono wake ulikuwa umezoea, kwa hiyo alipomaliza yote akatundika pazia zito jekundu mlangoni, lenye nyuzi zinazoning'inia, bila hata kufikiri. Kanali akapanda ngazi za nje kichwa juu, walinzi nyuma yake. Akaingia. Nyuzi zikampangusa uso, toka kipaji hadi kidevu.

"Kanali!" mlinzi mmoja, Dominique, akapiga kelele. "Imekugusa!"

"Nani?"

"Rido! Pazia!"

"Nani alishona?"

Wote wakamgeukia Madina. Lambert alirudi nyuma hadi ngazini, akijishika mashavu.

"Mama, umeniua."

"Kanali, rido haina mikono."

"Mikono yako iko ndani yake!"

Hoja ilikuwa na uzito, na bunduki ziliuongeza. Madina akaziona karanga za wifi yake, na safari hii akazitamani.

Wakamwita munganga wao, Papa Augustin, mzee mwenye kikohozi aliyekuwa amenyunyizia watu tangu alfajiri na alitaka tu kukaa. Akalizunguka pazia, akalinusa.

"Kanali iko na dawa?"

"Iko," walinzi wakajibu.

"Na rido?"

"Bado."

"Bon. Rido ipewe dawa. Kelele ya nini?"

Akachovya majani yake ndani ya maji, akalinyunyizia pazia kama askari mpya. Bunduki zikashuka kidogo. Madina akavuta pumzi, na pumzi iliporudi, akili nayo ikarudi.

"Papa munganga," akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "na kochi je? Kanali atakaa juu yake kila siku. Nimelivalisha mimi, na mikono hii hii."

Papa Augustin akalitazama kochi. "Kochi pia."

"Na viti? Na sakafu? Nimepangusa mimi."

"Mama, unanichokesha." Lakini akanyunyiza.

"Na gereji, papa. Kila kitambaa unachoona hapa kimetoka kule. Ukiacha chini bila dawa, juu itabaki na nguvu gani?"

Mzee akashuka ngazi huku akikohoa na kuzilaani ngazi. Akanyunyizia gereji, cherehani, marobota, na mikeka ya walinzi pia. Kisha akatoka barabarani, akatangaza:

"Sasa nyumba yote iko na dawa, juu na chini. Mwenye amevunja sheria asivuke mulango. Akivuka, tumbo itavimba papo hapo."

"Sheria gani, papa?" Dominique akauliza, haraka kidogo.

"Zote. Zaidi ile ya wanawake."

Walinzi wakatazama viatu vyao. Lambert bado alikuwa juu ngazini, mbele ya pazia, Madina kando, na kila mtu alingoja aingie kwanza, kama inavyompasa mkubwa.

"Kanali, karibu," Madina akasema. "Papa, na wewe ingia ukae, umechoka."

"Mimi nasikia upepo muzuri hapa inje," Papa Augustin akajibu upesi.

"Basi mimi mwenyewe naweza kuingia?"

"Uko na mume?"

"Aliniacha zamani, papa. Iko Bafwasende."

"Na mwingine?"

"Nani ataweza bei yangu?"

"Ingia," akasema mzee. "Wewe uko safi kuliko jeshi yote."

Madina akapita chini ya pazia, akasimama upande wa pili. Tumbo lake halikuvimba. Hilo lilimwongezea Kanali hofu.

"Shangazi analala muzuri, Kanali?" Madina akamwuliza kwa sauti ya chini, pazia likiwa kati yao. "Mbu imepunguka?"

Lambert akaitazama sebule, madirisha yake mapana na jua lote la mchana lililojaa ndani.

"Hii salon," akasema hatimaye, "iko giza."

"Giza sana," Madina akakubali.

"Na mukubwa wa vita..."

"...anakaa karibu na waaskari yake. Kule Simi-Simi, ku uwanja wa ndege."

"Voilà! Simi-Simi. Ndiyo nilikuwa nasema asubuhi." Hakuwa amesema kitu asubuhi, lakini rangi ilimrudia usoni. Akaanza kushuka.

"Kanali," Madina akamwita, "tulipatana. Inakupendeza, ao haikupendeze?"

"Inanipendeza."

"Waaskari hawasikie."

Lambert akasimama, akapiga kelele hadi wapita njia wakageuka: "Inanipendeza! Mama abaki mu gereji yake! Na juu achunge yeye, mutu asiingie!"

Akaondoka kuelekea Simi-Simi, lakini alipofika kona akapinda kwenye njia ya Kabondo, kwa shangazi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya walinzi. Vitu vyao vilikuwa gereji, na gereji ilikuwa na dawa. Wakajipanga nje, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie kwa adabu ambayo mji wa Kisangani haukuwahi kuiona kwao. Mwisho Madina akawatolea mikeka mmoja mmoja, kisha akakisukuma kitanda cha chuma hadi mlangoni, wakakishika kwa ncha za vidole.

"Mama," Dominique akanong'ona, "wewe hauogope hata kidogo?"

"Naogopa sana," Madina akasema. "Lakini niko na kazi. Inueni juu, mupite pale, musinichafulie kitambaa."

Wakainua juu, wakapita pale.